Jumatano ya Kaltumi

"Dada Kaltumi, kwani wewe ulizaliwa siku gani?" jirani yake Jamilah alimuuliza zamani, wakianua nguo uani, huko Kawempe. Kaltumi akajibu bila kuficha, kama alivyoambiwa na marehemu mama yake: Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Safar.

"Ala! Siku yenyewe ya nuksi!" Jamilah akacheka, lakini maneno yakatembea. Kaltumi alikuwa fundi wa kupaka hina, na Wanubi wa mtaa ule hawakutaka mkono wenye mkosi umguse bibi harusi. Wakaacha kumwita, mmoja mmoja, tena kwa adabu. Siku zote ameziumba Mwenyezi Mungu, alijiambia, ila nyumba ilizidi kuwa kimya, na hina aliyoiponda kwa mazoea ikakaukia bakulini.

Juzi aliolewa Sumayiya, binti wa Jamilah, ambaye Kaltumi alimbeba mgongoni tangu uchanga. Kaltumi hakualikwa. Aliposikia doluka, ngoma ya harusi ya Wanubi, imeanza, alivaa nguo zake nzuri, akavuka ua, akasimama mlangoni kwa Jamilah.

"Mtoto sitamgusa, dada," alisema. "Naomba tu mkeka hapa nje, nikae nisikilize ngoma."