Shikamoo ya Mbweha

Mama yake alikwishafunga uzazi, akagawa na nguo za vichanga kwa majirani, ndipo Ziada akaja. Wakamwita hivyo hivyo, Ziada, na yeye hakuwahi kulionea haya jina lake. Alizaliwa bondeni katika nyumba ya Waislamu, akaolewa milimani kwa Wasabato, na watu waliotabiri kwamba ndoa ile ingevunjikia jikoni walibaki midomo wazi, maana pande zote mbili nguruwe hawamli. Akabadilisha siku ya ibada, kitoweo akakiacha kama kilivyokuwa.

Mumewe alifariki mapema. Ziada akamlea mwanawe Elibariki kwa tangawizi: analima, anavuna, anashuka nayo Same siku za soko. Pale sokoni hakuna asiyemjua. Akishika tangawizi mkononi anajua kama imelowekwa maji ili izidi uzito, na mnunuzi mjanja humtambua kwa salamu tu. Mwenye nia njema, husema, anasalimia kisha anatulia asikie jibu. Mjanja anakuunganishia habari za asubuhi na bei kwa pumzi moja. Wengi walijaribu kumpiga chenga mama huyu wakarudi kwao na magunia matupu.

Basi ukisikia kwamba mwanamke wa namna hiyo alikaa wiki nzima akijiuliza kama mbweha ni wa kuaminiwa au la, usikimbilie kucheka. Ungekuwa wewe ungekimbia kijiji.

Ilianza mchana kweupe. Yasmini, mke wa Elibariki, alikuwa uani amekaa juu ya mkeka, tumbo limeanza kuonekana, anachagua mchele kwenye ungo. Ni binti wa Kihurio, mtoto wa wakulima wa mpunga, mpole kupita kiasi. Katika miaka aliyokaa pale hakuna aliyewahi kumsikia akisema hapana. Ziada alikuwa kando yake anamenya ndizi. Ghafla ungo ukaruka, mchele ukamwagika, na Yasmini akabweka. Hakulia, hakupiga kelele. Alibweka, kichwa kimeelekea juu, sauti ile ile inayosikika nyikani kule chini jua linapopungua.

"We mtoto! Una nini?" Ziada alisema, kisu mkononi.

Macho yaliyomgeukia hayakuwa ya mkwewe. "Hukufundishwa kusalimia wakubwa?" ilisema sauti nzito, ya mkwaruzo.

Ziada alipiga goti. "Shikamoo," alisema.

"Marahaba. Mimi ndimi Mbweha wa nyika hii. Reli imenikuta, kanisa limenikuta, babu wa babu wa mumeo amenikuta. Nimefuata fingo langu."

Hapo kisu kikamdondoka, maana kwa alivyojua yeye, hakuna mtu mwingine aliye hai aliyejua kwamba fingo lile bado lipo.

Fingo hilo, dawa ya kulinda nyumba, lilikuwa la ukoo wa mumewe. Mafingo mengine huzikwa chini ya mlango au shambani; hili halikutaka ardhi, lilikaa juu ya dari. Ni chungu kidogo, kinaenea kwenye viganja viwili, mdomo umezibwa kwa nta nyeusi. Mzee Eliamini, baba mkwe wa Ziada, alimkabidhi siku chache kabla ya kufa kwa sababu wanawe wa kiume wote walikuwa wametangulia. Mdogo wake mzee huyo aliwahi kuikwangua ile nta apate kuchungulia. Kabla jua halijatua ulimi wake ulikuwa umelala, na hakusema neno tena mpaka wakamzika. "Likikaa kwa mwenyewe linalinda nyumba," mzee alimwambia Ziada. "Likitiwa mkononi mwa asiye mwenyewe linaanza na wachanga. Umenisikia?" Alimsikia. Siku ya mazishi, wazee wa kanisa walipokuja kulitafuta walichome moto, alikuwa amekwisha kulizamisha ndani ya pipa la mahindi, peke yake, mlango umefungwa. Akawaambia hajui lilipo. Walipoondoka akalifunga kwenye kipande cha gunia, akalirudisha darini, juu ya chumba alicholala.

Elibariki alipooa, Ziada aliwaachia maharusi chumba kile kikubwa, chenye sakafu ya saruji na dirisha linalotazama bondeni, yeye akahamia kibanda cha jikoni. Moyoni alijisifu: amewapa chumba, na ulinzi juu yake. Mimba ya kwanza ya Yasmini ikatoka. Ya pili ikatoka. Hii sasa ilikuwa ya tatu, na Ziada alikuwa akiitazama kwa pembe ya jicho kila asubuhi, anaogopa hata kuuliza umelalaje.

"Mwenyewe ni ukoo wa Eliamini," Ziada alimjibu Mbweha, akijikaza. "Wewe una haki gani?"

"Mle ndani mna jino langu. Babu yenu alinitega kwa mtego wa kamba, akaning'oa jino, akalifungia humo nimlindie mahindi bure. Nimelinda nimechoka. Nirudishie, na mimba hii nitaiacha izaliwe. Ukininyima, unaujua mwisho wake."

"Nitajuaje kama unasema kweli?"

Ile sauti ikacheka. "Unaniuliza mimi, wewe uliyelificha kwenye pipa la mahindi watu wakiimba kaburini?"

Mbweha akatoa amri yake: Ijumaa, jua la utosini, fingo liletwe chumbani liwekwe mapajani mwa Yasmini. Kisha Yasmini akalala kwenye mkeka kama mtoto. Alipoamka aliona mchele umezagaa, akashtuka. "Mama, nisamehe, nimesinzia?" akasema, akaanza kuokota punje moja moja, na Ziada akaokota naye.

Usiombe ukae na jambo kama hilo tumboni. Elibariki, ambaye anaendesha bodaboda Same na hurudi nyumbani mwisho wa wiki, aliposimuliwa kwa simu nusu ya habari alipiga kelele, "Mama, hiyo ni presha! Mlete hospitali!" Wakampeleka. Muuguzi akampima, akasema mtoto anacheza vizuri, damu imepungua kidogo, ale mboga za majani. Hayo yalikuwa mema, ila muuguzi hakuulizwa habari za mbweha, na Ziada hakuwa na uso wa kumwuliza.

Akiwa huko huko mjini alipita sokoni kwa Honorata, rafiki yake wanayepanga naye tangawizi meza moja. Alimweleza kama jambo lililompata mtu mwingine.

"Mpe! Mtu anadai jino lake, wewe unalishikilia la nini?" alisema Honorata.

"Na kama si lake? Likimfikia asiye mwenyewe linaanza na wachanga."

"Ee! Basi usimpe."

"Na kama ni lake kweli, nikimnyima?"

Honorata alikuna kichwa chini ya kilemba. "Huyo mtu wako ana kazi," alisema. "Mwambie ahame."

Ziada alirudi mlimani kichwa kinamzunguka. Alijaribu kumpima Mbweha kama anavyowapima wanunuzi, akashindwa. Mwongo wa sokoni anakwambia usiyoweza kuyahakikisha. Huyu amemwambia la pipa, na la pipa ni kweli tupu. Ila la jino? Mzee Eliamini hakutaja jino wala mtego. Alisema tu kwamba babu yao alikuja na chungu kile kutoka upande wa ziwa Jipe. Je, anayejua siri moja ya kweli lazima aseme kweli katika mengine yote? Na huyo mzee naye, nani alimhakikishia? Wote wawili walikuwa wakisimulia kitu cha ndani ya chungu ambacho hakuna aliyekiona, na aliyejaribu kuona alipoteza ulimi. Akawaza pia jambo jingine, akalifukuza, likarudi: kwamba huenda hakuna mbweha wala nini. Kama hakuna, basi mtoto yule mpole amemketisha mama mkwe wake chini akapokea shikamoo yake. Wazo hilo lilimuudhi, na bado halikueleza habari ya pipa. Labda aliwahi kusema usingizini. Labda mlango haukufungwa siku ile. Alisonga ugali hadi ukaungua.

Ijumaa ilipofika alipanda ngazi, akalishusha fingo, akaliweka ndani ya kapu lake la tangawizi na kulifunika kwa khanga. Hakuwa ameamua. Alijiambia kwamba anapeleka kapu tu, na kwamba moyo utaamua mlangoni. Kwa kweli alichokuwa anaona mbele yake ni tumbo la Yasmini, basi. Angeambiwa fingo linataka kutupwa Kilimanjaro, angeuliza njia.

Chumbani jua lilikuwa limejaa dirishani. Yasmini amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, na Mbweha alikwisha kumpanda kichwani: mabega yamenyanyuka, pumzi inakwaruza. Ziada aliinama kupita mlangoni, kapu mbele kwa mikono miwili. Akafungua mdomo aamkie, maana alishafundishwa adabu ya mgeni huyu.

Mbweha akamtangulia.

"Shikamoo," ilisema ile sauti nzito.

"Marahaba," Ziada akajibu, kwa mazoea, kama unavyojibu hata ukiwa umelala.

Ziada alisimama na kapu lake, akili inahangaika. Mkubwa haamkii hivyo. Kama aliyesema ni Yasmini, ulimi umemponyoka kwa sababu amemwona mama mkwe anaingia, na mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kuuzuia ulimi huo hata akijitahidi. Basi hakuna mbweha wa kupewa kitu. Na kama aliyesema ni Mbweha mwenyewe, aliyekutwa na reli na kanisa na babu wa babu, amemwamkia nani humu? Hawezi kuwa Ziada. Basi ni kile alichobeba ndani ya kapu. Na hakuna anayeliamkia shikamoo jino lake mwenyewe. Akazungusha mara ya pili, akaona pande zote mbili zinaishia mahali pamoja: mwenye fingo hili si huyu. Kwa nini basi badala ya kufurahi alisikia baridi mikononi, pale vidole vilipogusa kapu? Salamu ilikuwa imetolewa, na yeye ndiye aliyeipokea kwa niaba ya kitu asichokijua.

"Umemwamkia nani?" aliuliza polepole.

"Liweke..." sauti ilianza, ikakatika.

"Nimekuuliza. Umemwamkia nani?"

Mabega yakashuka. Yasmini akapepesa macho, akaliona kapu, na hapo hapo akajisukuma nyuma kwa visigino hadi ukutani, mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Litoe, mama!" alisema, na sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, inatetemeka. "Litoe humu ndani. Tangu nimeolewa nalala chini yake."

"Ulilijua?"

"Nililiona nikifagia utando wa buibui, mwezi ule ule nilioolewa. Kwetu Kihurio hata mtoto anajua fingo likoje. Nikisema nalala vibaya, mnaniambia nizoee baridi ya mlimani. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Mimi nalitazama tu usiku kucha."

Ziada aliona aibu. Chumba kile alichojisifia! "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Yasmini alimtazama kama mtu anayeulizwa swali gumu. "Ningekwambia kwa mdomo upi, mama?"

Ziada hakujua kama anajibiwa au anaulizwa. Alitaka kuuliza: na la pipa nani alikwambia? Neno likafika kooni, akamwona yule binti alivyokumbatia tumbo, akalimeza. Aligeuka, akatoka na kapu lake.

Hakulichoma fingo, wala hakulizika, wala hakulipeleka nyikani. Alilipeleka kwenye kibanda chake cha jikoni, akalifunga ndani ya paa, juu ya mto wake. "Sikiliza," aliliambia, ameshika kiuno. "Sijui wewe ni wa nani, na salamu yako nimekupokelea. Kama ni kulinda, linda nyumba ile kutoka huku. Kama ni kuchukua mtu, huanzi tena na wachanga. Unaanza na mimi." Kisha akajilaza chini yake ajaribu, akatazama juu, akaogopa sana, na hakuhama.

Tumbo la Yasmini limekua hadi sasa anainama kwa shida. Tangu Ijumaa ile hajapandisha, ingawa jioni mbweha husikika bondeni, na Ziada husimamisha mwiko kusikiliza kama kuna jina lake. Hajaelewa, na ameacha kumtafuta wa kumweleza. Honorata akimwuliza yule mtu wako alifanyaje, humjibu kwamba amehama.

Ila kila asubuhi mlango wa jikoni ukifunguliwa, Yasmini husimama kizingitini, mkono mmoja kiunoni. "Shikamoo, mama."

Ziada huwa hajibu mara moja. Humtazama macho, hushusha jicho hadi tumboni, halafu huliinua, mara moja tu, kuelekea paani.

"Marahaba," husema. "Marahaba, nyote."

Yasmini hucheka, akidhani anayehesabiwa ni mtoto tu.