Walisema ubongo wa Maalim Kassim una mshipa pungufu

Wakuu, salaam aleikum. Wengi wenu humu ni wa kuniamkia mimi, kwa hiyo marahaba kabisa. Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, na mpaka leo yananichoma.

Wiki jana nilipigwa picha ya kichwa, CT scan, kwa ajili ya kizunguzungu. Daktari, binti wa hapa hapa Msambweni, akanionyesha kwenye kompyuta.

"Babu, chini ya ubongo mishipa ya damu huungana ikafanya kama duara. Wewe kipande kimoja cha nyuma hakipo. Usiogope, watu wengi wako hivyo. Kizunguzungu chako ni presha."

Badala ya kushukuru nikapandwa na hasira. Ngojeni niwaeleze.

Miaka ile uhuru ulikuwa bado mbichi. Mimi nilikuwa mhudumu wa mochari katika hospitali moja huku kusini, jina nalihifadhi. Bendera ilikuwa yetu, lakini daktari mkuu alikuwa mzungu yule yule wa zamani.

Siku moja akaletwa Maalim Kassim wa Waa, aliyenifundisha mimi alifu na bee. Alianguka ghafla akisomesha, akafa. Mtu huyu alikuwa amehifadhi Qur'ani nzima. Ukikosea herufi moja naye amekupa mgongo, atakurudisha tu.

Daktari akampasua, akautoa ubongo, akaupindua. Akaniita.

"Tazama. Duara halikukamilika. Ndiyo maana hawa watu hawawezi kufikiri sawasawa."

Akauweka kwenye mtungi wa dawa. Ati anaandika makala ya kupeleka Ulaya.

Wakuu, "hawa watu" ni mimi niliyemshikia beseni!

Maiti ikashonwa, ikazikwa alasiri ile ile. Familia haikuambiwa kwamba wanazika mtu asiye kamili. Nami nilinyamaza. Kwa hilo sina la kujitetea.

Haukupita mwezi, akafa meneja wa hoteli moja ya Diani, mzungu mwenzake. Ubongo ukatolewa. Safari hii nilichungulia bila kuitwa, maana nilishajua pa kutazama.

Kamshipa kale kale hakapo! Upande ule ule!

Nikangoja atamke. Akaandika kwamba ubongo ni wa kawaida, akaurudisha kichwani kwa adabu, akaniambia nishone.

Nikamuuliza, "Daktari, na huyu je? Naye alikuwa hafikiri sawasawa?"

Uso ukamwiva. "Kazi yako ni kuosha meza."

"Nitaiosha. Lakini macho ninayo."

Nilifutwa kazi siku hiyo hiyo. Sikutoka mikono mitupu. Niliuchukua ule mtungi, nikaufunga kwa leso, nikaenda nao Waa mchana kweupe, kwa Bi Mwanasha, mjane wa Maalim.

(Mtasema niliiba. Haya, mwizi ni nani pale?)

Bi Mwanasha alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliniuliza moja tu: "Ulijua tangu siku ya maziko?"

"Naam, mama."

"Basi shika jembe wewe."

Nikachimba kando ya kaburi, shehe akaomba dua, tukauzika. Bi Mwanasha hakunisemesha tena miezi mingi, na haki alikuwa nayo.

Nilichojifunza ni hiki: Mungu hakutuumbia mishipa kwa kopi moja, na hilo si kasoro ya mtu wala ya kabila. Kasoro ni ya anayeona kitu kile kile kwa watu wawili, akakipa majina mawili. Na ya anayejua, akafunga mdomo.

Kama kuna aliyepatwa na jambo kama hili kwao, aandike hapa chini, nitasoma yote.

Na wale wa "mzee, hayo yamepita, sahau", karibuni pia. Lakini kwanza mzikeni mtu wenu mara mbili.