Balbu Niliyokataa Kubadilisha

Mwaka ambao watu wa Uthiru walibadilishiwa balbu, mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi kuishi kwa mama. Asubuhi nilishuka mjini na bahasha ya vyeti, nikapanda ngazi za ofisi ambazo mabawabu wake walishanizoea, kisha nikaingia saiba, kwenye intaneti ya kulipia, kuangalia kama kuna aliyenijibu. Mara nyingi hakuwapo. Muda uliobaki niliutumia kusoma mambo ya kunitia wasiwasi, na ndivyo nilivyojua kwamba balbu mpya za kuokoa stima zina zebaki ndani.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Lori la kampuni ya stima lilisimama kwenye uwanja wa kanisa, na kila aliyeleta balbu ya zamani alipewa mpya, ile nyeupe yenye mrija uliojisokota. Mama alizunguka nyumba na kiti cha jikoni, akifungua balbu na kuzitia kikapuni. Alipofika chumbani kwangu nilisimama mlangoni.

"Hii iache, mum. Ile mpya ikipasuka lazima mtu afungue madirisha, atoke nje, na haifai kufagiliwa kwa ufagio."

"Hii ya sasa umewahi kuipasua?"

"Bado."

"Basi hata hiyo hutaipasua, baba." Ananiita baba kwa sababu nina jina la babake, na hutumia neno hilo hata akiwa amenichoka. "Haya, kaa nayo. Siku ukioa, uibebe."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la mbao lililozungushiwa katoni kwa ndani. Humo vifaranga wa siku chache walikaa juu ya maranda, chini ya balbu iliyoning'inia karibu na migongo yao. Hawakuwa na mama mwingine. Kundi lililotangulia lilikufa lote kwa ugonjwa, na mama alikuwa amesema mezani kwamba hili nalo likienda, banda litafanywa chumba cha kupangisha, naye ataacha kuku. Alisema hivyo huku akimenya viazi, kwa sauti ya kawaida. Alikuwa amefuga kuku tangu kabla sijazaliwa.

Balbu ya banda nayo iliingia kikapuni. Kwa fikira zake hakukuwa na kosa: watu wa lori walimwambia hiyo mpya ndogo ni sawa na ya zamani ya wati mia moja, kwa hiyo aliona anawaongezea vifaranga nguvu. Mimi ndiye niliyemshikia waya akiifunga ile mpya. Nilikuwa nikiwaza kwamba ikianguka, zebaki itaingia kwenye mayai. Vifaranga hao walikuwa wamebakisha miezi mingi kabla ya kutaga.

Ilikuwa Julai, mwezi wa baridi kwetu, na ukungu haukuwa umeondoka tangu asubuhi. Jioni, kabla ya taarifa ya habari, niliwasikia wakilia kwa sauti kali isiyokatika. Banda lilikuwa jeupe kama duka la dawa. Vifaranga walikuwa wamerundikana pembeni, wakipandana, wale wa chini hawaonekani. Nilisogeza kiganja chini ya balbu, kisha nikamwita mama.

Naye aliweka mkono, akauacha hapo kwa muda.

"Si inawaka?"

"Inawaka, lakini haina joto."

"Walisema ni ya mia."

"Mia ya mwangaza, mum."

Mama alipiga magoti na kuanza kuwatenganisha kwa mikono. Wawili waliokuwa chini kabisa hawakusogea. Aliwatia ndani ya sweta yake. "Enda dukani," akasema, "ulete ya zamani."

Mwenye duka la ng'ambo ya barabara alikuwa mama wa makamo aliyependa kuniuliza kama nimepata kazi.

"Za zamani ziliisha," alisema. "Watu walizinunua hapa wakaenda kubadilishiwa kanisani. Na wewe na digrii yako, unazitafutia nini?"

"Ni za vifaranga."

"Kwani wanasoma?"

Nikiwa narudi niliiona nyumba yetu kwa mbali. Madirisha yote yalikuwa meupe isipokuwa langu, ambalo lilikuwa la manjano. Niliifungua balbu yangu kwa taulo, maana ilikuwa moto sana, nikaipeleka bandani.

Mama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Lile rundo lilianza kulegea polepole, vifaranga wakajipanga kuizunguka balbu, na kelele ikapungua. Mmoja kati ya wale wa kwenye sweta alianza kupiga teke. Yule mwingine, mama alimtoa na kumlaza kando.

"Ni mmoja tu," alisema.

Balbu iliyotolewa bandani ndiyo iliyofungwa chumbani kwangu. Ukibonyeza swichi ilisita kwanza, nami nikajifunza kusimama mlangoni nikingoja iamue. Wiki ya kwanza nililala dirisha likiwa wazi. Mama alipita akiniambia nifunge nisije nikashikwa na homa, na mimi nilifunga, kisha nikafungua tena.

Vifaranga walipoota manyoya na kutohitaji tena joto la balbu, mama aliniletea balbu yangu imefungwa kwa gazeti, imepanguswa vumbi. Nilinyoosha mkono kuelekea kiti ili niirudishe mahali pake.

"Hapana, baba," akasema. "Itunze vizuri, kundi lingine linakuja."

Niliiweka kabatini, karibu na vyeti.