Kilio Kilichongoja Saini

Kwa miaka mingi Kapinga alitia saini kwa niaba ya mtu mwingine, na hakuna aliyemwona mwizi. Kaka yake mkubwa, Désiré, alipohamia Ubelgiji alimwachia procuration, ile hati inayomruhusu mtu anunue, auze na apokee kwa niaba yako kana kwamba wewe mwenyewe umesimama pale. Kwa hati hiyo Kapinga alinunua kiwanja mtaa wa Bel-Air, akagombana na waashi, akasimamisha nyumba na kuipangisha. Yeye mwenyewe, mjane asiye na mtoto, alikaa katika chumba cha uani akishona sare za shule. Maofisini walimzoea, wakambatiza Mama Procuration, naye akacheka nao. Walau lilikuwa jina la kuitwa na mtu. Kila Jumapili Désiré alimpigia simu, wakazungumza habari za nyumba kisha wakarudia utani wao wa utotoni, na hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yake ya wiki nzima.

Halafu Désiré akaugua, akaamua nyumba iuzwe ili watoto wake, Michelle na Franck, wamalize masomo. Mama yao alikwisha kufa. Mnunuzi alipatikana bila taabu: Kakule, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mtu wa maneno machache. Wakapatana kukutana kwa notaire, ofisa anayethibitisha mikataba, Jumatatu asubuhi.

Jumapili, siku moja kabla, Kapinga alikuwa ndiyo kwanza anarudi kanisani, hajavua hata viatu, simu ikalia. Namba ilikuwa ya Désiré, lakini sauti ilikuwa ya Michelle.

—Tantine, papa alikufa. Sasa hivi, ku hopitali.

Kapinga akafungua kinywa. Kwetu mtu akifiwa hakai na habari yake peke yake. Anapiga ukelele hadi barabarani, majirani wanaacha sufuria jikoni, na kabla hujajua uko wapi viti vimejaa uani, mtu kakushika bega, na matawi yamewekwa njiani ili madereva wapunguze mwendo. Ukelele wa Kapinga ulikwisha fika kooni Michelle alipomkatiza.

—Tantine, usilie. Nakuomba. Procuration inakufa na papa. Kama bantu banajua leo, notaire hatakubali, na bakubwa ba famille batakuya kujigawia nyumba. Miye na Franck tutabakia na nini? Fanya signature kesho, kisha utalia.

Msichana hakuwa mkatili. Alikuwa akilia huku akiyasema hayo, na alisema kweli. Wakubwa wa namna hiyo Kapinga aliwajua. Wale wa ukoo wa mumewe walipomaliza kugawana mali yake, yeye aliachiwa cherehani kwa sababu tu hakuna mwanamume aliyeitaka.

—Sawa, mama —akasema.

Akaketi kitandani, akajaza upindo wa kitenge mdomoni, akauma. Alikuwa amempoteza mtu pekee aliyemjua tangu anatambaa, na ilimbidi ampoteze kimya kimya, kama anayeficha mgeni chumbani. Nje watu walikuwa wanacheka, redio inaimba. Aliwachukia wote, wakati kosa lao lilikuwa moja tu: hawakujua.

Alasiri jirani yake Perpétue alipita kuomba mkaa.

—Yaya Désiré, kaka yako, iko namna gani?

—Iko bien —Kapinga akajibu—. Anakusalimia.

Perpétue akashukuru, akaenda na mkaa wake. Kapinga alitamani amwite arudi, akae tu, hata bila kuambiwa kitu. Hakumwita. Alisonga bukari, ugali wake wa jioni, kwa mazoea, akaiangalia mpaka ikapoa.

Asubuhi alivaa kitenge kizuri na kujikaza. Alipofika ofisini kwa notaire, alimkuta Kakule amekwisha wahi. Notaire akasoma mkataba wote, kisha akauliza swali analoliuliza kila siku, huku akitafuta kalamu.

—Mwenye kutoa procuration iko muzima?

Mara ngapi Kapinga alikwisha lijibu swali hilo bila kulifikiria? Leo alingoja kwanza notaire aipate kalamu.

—Iko muzima.

—Mungu amupatie nguvu —Kakule akasema kwa heshima.

Akatia saini kwa niaba ya kaka yake, kwa wepesi ule ule wa siku zote, na jambo hilo lilimuumiza kuliko yote.

Alifika nyumbani mchana, akafunga mlango wa uani nyuma yake, akalia. Majirani walikuja mbio. Perpétue alikuwa wa kwanza.

—Lakini jana ulisema iko bien!

—Jana alikuwa bien —Kapinga akasema—. Alikufa leo, kisha saa sita.

Basi ikawa baada ya saa sita mchana, na saa hiyo ikakubalika. Ikasemwa mlangoni, ikasemwa kwenye simu, padri akaipokea kwa ajili ya misa. Viti vikaja. Jioni akaja Kakule mwenyewe na gunia la unga, akakaa karibu na wafiwa.

—Asubui tulikuwa tunataja jina yake —aliwaambia watu kwa huzuni—. Kumbe alikuwa anatuaga.

Akaingia Donat, rafiki wa Désiré tangu shule ya msingi, mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja akaketi mkekani mbele ya Kapinga.

—Juzi, samedi, aliniandikia: Donat, nipigie, niko na neno moya ya kukuambia. Jana nikashika telefone tangu asubui, nikasema, dimanche batoto banamuzunguka, nimuache. Nitapiga kesho. Leo asubui nikaamka, nikaenda kwanza kutengenezesha kiatu. Kiatu, Kapinga. Nilipomaliza, baliniambia ni kilio.

Akajifuta uso kwa kiganja.

—Asubui nzima alikuwa ananingoya. Nilikuwa na asubui nzima.

Haikuwepo asubuhi hiyo. Hakuna aliyekuwa akimngoja mtu. Donat alipoingia kwa fundi viatu, Désiré alikuwa maiti tangu jana yake. Sentensi moja tu ingemwondolea mzee huyu mzigo ambao sasa angekufa nao, na Kapinga alikuwa nayo mdomoni, tayari.

Kakule alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, kofia mapajani, anasikiliza.

—Pole, yaya Donat —Kapinga akasema.

Donat akaitikia kwa kichwa, akazidi kulia.