Msichana Aliyerudisha Githeri

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja wa githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nikiwa mpishi wa shule ya wasichana huko nyuma ya mtaa wa Munyaka. Nilikuwa kijana na nilipenda kuchekesha watu. Masomo niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mbele ya wasichana wa sekondari nilijifanya mkubwa kwa mdomo. Na mpishi wa siku hizo aliogopwa kuliko mwalimu mkuu, lakini hiyo ni hadithi ingine.

Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili, Chepkoech. Wiki mbili mfululizo alipanga laini, akapokea chakula, akaketi nacho, kisha akakirudisha vile vile. Sahani nilikuwa naosha mimi, kwa hivyo nilijua kabla ya mwalimu yeyote. Nilichofanya na huko kujua kwangu ni aibu. Siku hiyo nilimwinulia mwiko mbele ya wenzake.

"Madam, githeri yetu haikufai? Nikukaangie kuku?"

Laini yote ilicheka. Chepkoech akaweka sahani chini polepole, akaenda. Jioni hakuja. Kesho yake pia hakuja, na hakuna aliyecheka tena. Wenzake walisema amelala tu kwa bweni, hata maji hataki.

Mama Tabitha, mkubwa wetu jikoni, mama wa mwili mkubwa na sauti ndogo, aliniita kando ya kuni.

"Wewe Kiprono, ulimuuliza ana nini?"

"Si anaringa tu, Mama."

"Nimekuuliza kama ulimuuliza."

Nikaanza kupanga kuni.

Mama alimwendea mwenyewe bwenini, akarudi naye, akampa uteo wa maharagwe amsaidie kutoa mawe. Hakumkazia macho, hakumuuliza kitu. Alilalamika tu juu ya goti lake na mvua iliyolaza mahindi. Hata mimi nilianza kuchoka na hilo goti. Maharagwe yalikuwa karibu kuisha ndipo msichana akasema, bado ameinama:

"Dadangu alikufa likizo. Nyumbani tulikuwa tunakula sahani moja."

Mama Tabitha hakumwambia atazoea. Alipakua githeri kwa sahani moja, akachukua vijiko viwili, akaanza kula upande wake. Ilichukua muda. Chepkoech akala kijiko kimoja. Halafu kingine.

Baadaye Mama alimuuliza kama anaweza kumwambia mwalimu wake. Akakubali, na mwalimu akaandamana naye hadi kwa mshauri hospitalini mjini. Mimi nilimwomba Chepkoech msamaha mbele ya laini ile ile. Akanijibu, "Nimekusamehe, lakini kuku bado nangoja."

Nimeyakumbuka kwa sababu juzi nilisikia nyinyi walimu vijana mnafundishwa hapa mtaani Kapsoya kusaidia wanafunzi wenye mzigo rohoni. Nilifurahi sana. Mmoja wenu akaniambia, "Mzee, darasa limejaa, nitamjuaje?"

Mwanangu, shika yote uliyofundishwa, uongeze hili la mpishi. Ingia jikoni uulize ni nani anarudisha chakula. Ukimpata, usimtangaze. Mpe kazi ya mikono, kaa kando yake, acha goti lako liongee kwanza. Mzigo ukikuzidi, mpeleke kwa anayejua, lakini usimtume peke yake. Nenda naye.

Mungu akupe subira ya Mama Tabitha, akuepushe na mdomo wangu wa ujana. Na siku mtoto atakaposhindwa kula, akukute umeketi, na kijiko cha pili kiko tayari.