Alban Kuhnle na Banda Lisilo na Farasi

Kwa miaka kumi na tisa Alban Kuhnle alimwendeshea daktari wetu kigari cha farasi katika vijiji vya Baden, kusini mwa Ujerumani, na miaka yote hiyo alilala darini, juu ya banda, joto la farasi wawili likimpandia kutoka chini. Hakuoa. Sisi wa jikoni tulimsikia kila asubuhi akiwasimulia farasi ndoto zake.

Mwaka 1901 daktari akanunua motokaa. Farasi wakauzwa, naye Alban, mtu wa miaka hamsini, akapelekwa mji wa Mannheim wiki tatu kujifunza mitambo.

Alirudi ananuka petroli. Mpishi, Bi Adelheid, alimzuia mlangoni.

"Sahani yako italetwa hukohuko bandani. Supu yangu haitaki harufu hiyo."

"Haya, mama."

Jumapili alikwenda baa. Waendesha farasi wenzake hawakumsogelea wala kumpisha kwenye benchi.

"Kakae na bati lako," mmoja alimwambia. "Huenda likakununulia bia."

Hakurudi tena.

Februari, mke wa mkulima mmoja kule mlimani alishikwa na uchungu siku mbili, mtoto amekaa vibaya. Kwa farasi wangefika jioni. Alban alimfikisha daktari kabla ya adhuhuri, na mama na mtoto wakapona.

Waliporudi nilimpelekea viazi na soseji. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, hata uma ulimshinda.

"Hawakukukaribisha ndani?"

"Walisema gari likae mbali, litatisha ng'ombe. Na kulizima niliache siwezi, maji ya kupoza injini yangeganda, ipasuke. Nikakaa nalo linanguruma."

"Muda gani?"

"Saa nne nzima."

"Si ungepiga nalo soga," nikamtania.

Hakucheka. "Nilijaribu, Kreszenz. Farasi ukisema nao, masikio yanageuka."

 Nikaketi kando yake mpaka akamaliza kula, na Bi Adelheid akanigombeza kwa harufu niliyorudi nayo. Tangu hapo nilikula naye kila Jumapili, hadi nilipoolewa kijiji cha mbali.

Mtoto wa mlimani alipewa jina la daktari. Alban aliendesha miaka minane zaidi, asigonge mtu hata mmoja. Alipofariki, barua ya msiba ililetwa kwangu. Daktari aliandika kwamba hakumjua mwingine wa kumpa habari.