Kigoda Alichokigusa Mama

Robi alikuwa mwaka wa pili, akisomea uchoraji katika chuo kimoja mjini Homa Bay, mama yake Pauline alipoanguka sokoni Rangwe akipanga nyanya. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na maneno yote. Mwanamke aliyebishana na wateja kwa Kijaluo na Kiswahili, na akiudhika akahamia Kikuria chake cha nyumbani, alibaki na sauti moja tu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

Wakati huo darasa la Robi lilikuwa likichora vitu vya makumbusho. Mwalimu wao, Omanga, hakutaka picha za vitu vilivyolala kwenye kabati la kioo. Aliwataka wavirudishe kwa watu: chungu kiwe jikoni, ngao iwe mkononi. Kazi nzuri zingetundikwa kwenye maonyesho ya chuo. Robi alikuwa amemaliza nne: kibuyu cha maziwa, kinu, shanga za shingoni, na kigoda cha miguu mitatu ambacho juu yake alimkalisha mwanamke mzee aliyegeuza mgongo.

Wodini, muuguzi aliyeitwa Risper alimshauri ajaribu picha, kwani wagonjwa wengine wasioweza kusema huonyesha kwa kidole. Robi hakuwa na picha nyingine ila zile. Akazitandaza juu ya blanketi.

Mama alizisukuma tatu. Ya kigoda aliishika. Alimgusa yule mwanamke kwa kidole cha kushoto, akamtazama Robi, akamgusa tena. Machozi yakamtoka.

Robi alidhani anataka kukaa. Yeye na Risper wakamketisha, mama akatikisa kichwa. Akamuuliza kama ni nyumbani, kama ni bibi, kama kuna mtu anayemtaka. Kila swali lilimzidishia mama hasira, hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kugeuka.

Akampigia simu Nyamhanga, mdogo wa marehemu baba yake, huko Kehancha. Baba mdogo alisema labda ni kigoda cha marehemu, kilichobaki kwake tangu matanga. Kesho yake akaja nacho wodini, kimefungwa kwa gunia, akakiweka kando ya kitanda. Pauline hakukitazama. Kidole kilirudi kwenye karatasi.

Robi akamfuta yule mwanamke. Mama akalia. Akamchora upya akitazama mbele, kwa sura ya bibi, na mama akageukia ukuta. Akamchora mama mwenyewe. Akajichora yeye.

"Mama, nionyeshe tu," alisema. "Chochote. Nitachora chochote."

Karatasi ilikuwa imefutwa mno. Ikachanika katikati, na mama akaendelea kugusa pale palipochanika.

Mwalimu Omanga alipokuja kumjulia hali mgonjwa, aliiona ile karatasi iliyochanika, akasema zile tatu zinatosha kwa maonyesho. Robi akampa zote tatu bila kuzitazama. Mwalimu akamuuliza atarudi lini darasani.

"Sijui, Mwalimu. Kuna kitu anataka kuniambia, na mimi sikioni."

Maonyesho yalifanyika, yeye hakwenda. Pauline alipotolewa hospitalini, walirudi Rangwe. Sasa asubuhi Robi anauza nyanya mahali pa mama yake, na jirani anakaa na mgonjwa. Jioni anachora: kikombe, sufuria, shuka, mlango. Akionyeshwa kikombe, mama huitikia kwa kichwa, naye humpa maji. Wamefika hapo. Kigoda amekichora mara nyingi zaidi ya kitu kingine chochote, kikiwa na mtu na kikiwa kitupu, na bado hajui.

Juzi mama alimnyang'anya penseli. Kwa mkono ule wa kushoto alivuta mstari uliopinda, akavuta mwingine, akaacha. Robi aliisoma mistari hiyo kutoka juu, akaigeuza karatasi, akaisoma kutoka chini. Kisha akaichonga penseli na kuirudisha kati ya vidole vya mama yake.